Tangi Chini ya Chumba cha Mama Zuhura

Vijana wa yadi ya Malvern waliponiaga mwanzoni mwa mwaka huu waliniomba niwaandikie mambo ya kazi, kwa sababu, walisema, nikiondoka naondoka nayo. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba niandike kwa Kiswahili. Wengi wenu mmetoka Uvira, Kigoma na Bujumbura, na maelekezo ya usalama mlisomewa kwa Kiingereza mkaitikia "sharp", yaani sawa, bila kuelewa nusu yake. Najua, maana na mimi niliitikia hivyo hivyo. Kuhusu vyeo sitasema kitu. Vilikuwa vichache, na waliovipata wanavijua.

Nianze na kazi yenyewe, kwa ajili ya wake zenu na watoto ambao hawajawahi kuelewa kwa nini mnarudi nyumbani mnanuka hivyo. Johannesburg ina baridi ambayo ndugu zetu kule nyumbani hawaiamini tukiwasimulia. Zamani nyumba kubwa za Parktown na Westcliff, na majengo mengi ya ghorofa katikati ya mji, yalipashwa joto na boila zilizochoma mafuta. Mafuta hayo yalikaa katika tangi la chuma lililofukiwa bustanini au chini ya sakafu. Baadaye umeme ukachukua nafasi, boila zikazimwa, wenye nyumba wakahama au wakafa, na matangi yakabaki ardhini yakiwa na mafuta nusu. Tangi lililosahauliwa linaendelea kuoza. Linavuja kwenye udongo, linatoa mvuke unaoweza kuwaka, na siku bati lake la juu linapochoka, gari la mtu linazama kwenye maegesho. Sisi tunalitafuta, tunalinyonya, tunaliosha, kisha tunalitoa. Kama haliwezi kutoka, tunalijaza saruji nyepesi hadi mdomoni ili lisibaki na nafasi ya kufanya ubaya wowote.

Nilifika mji huu kutoka Kalemie nikiwa na mke wangu, mtoto wetu Yosua, na cheti cha ualimu wa shule ya msingi ambacho hakuna aliyekitaka. Kila asubuhi nilisimama nje ya duka la vifaa vya ujenzi pale Jules Street, pamoja na wanaume walioshika makoleo na brashi za rangi ili ionekane wanajua nini. Mimi sikushika kitu. Siku moja gari dogo la mizigo likasimama, akashuka mzee mrefu mwenye ovaroli ya bluu, akatupitia kwa macho kama mnunuzi wa mbuzi, akaninyooshea kidole. Nilidhani ameona uso wa mtu mwaminifu. Baadaye aliniambia alichagua mabega membamba, kwa sababu mdomo wa tangi la siku ile ulikuwa mdogo. Leo nisingepita hata mngenipaka grisi.

Huyo alikuwa Baba Ndlovu, aliyenifundisha karibu kila ninachokijua. Kwa Kizulu "baba" ni baba vilevile, kwa hiyo neno la kwanza tulilosikilizana halikuhitaji mkalimani. Mengine yote tuliyajenga polepole, kwa Kizulu chake, Kiingereza changu cha darasani, na mikono.

Licha ya mabega yangu membamba, siku ile ya kwanza hakuniruhusu kuingia ndani ya tangi. Alifunga mkanda mwilini mwake, akaunganisha kamba kwenye winchi iliyosimama juu ya miguu mitatu ya chuma, akaniweka mimi mdomoni mwa tangi. Kazi yangu ilikuwa kumwangalia, kumwita mara kwa mara, na asipoitika, kuzungusha winchi. Nilimuuliza nifanye nini winchi ikikwama. Akasema niite wenzangu, nisije ndani. Nikauliza, na kama wenzangu wako mbali? Akasema nisije. Alirudia neno hilo mpaka nikaona ananidharau. Ilipita miaka kabla hajanisimulia kwamba aliwahi kufanya kazi na ndugu wawili, wa kwanza akazimia ndani ya tangi, wa pili akaruka kumfuata, na wote wawili wakatolewa wamekufa. Mvuke wa mafuta ulikuwa umeifukuza hewa ya kupumua, na upendo wa ndugu haukuibadilisha hali hiyo hata kidogo. Kwa hiyo nikiwakemea ninyi mliosimama mdomoni mkichungulia kichwa chote kikiwa ndani, jueni kelele hizo si zangu, nimezirithi.

Alinifundisha pia kutoiamini pua. Ukiingia mahali penye mvuke utasikia harufu kali, kisha baada ya muda mfupi hutaisikia tena, na hapo ndipo watu husema hewa imesafika. Hewa ni ile ile, pua ndiyo iliyochoka. Ndiyo sababu tunabeba mita ya gesi, na mita ikilia tunatoka, hata kama bosi yuko juu anatazama saa. Alinipa nyundo na koleo vya shaba, kwa sababu shaba haitoi cheche. Vifaa hivyo vina ubaya mmoja tu, wanunuzi wa vyuma chakavu wanavipenda kuliko sisi. Nimeibiwa koleo la shaba mara nyingi kuliko nilivyoibiwa simu.

Na kuna suala la bomba. Katika nyumba moja ya Westcliff, kampuni nyingine ilikuwa imetoa tangi vizuri, ikafukia, ikapanda hata majani, lakini ikaacha bomba la kujazia limechungulia ukutani. Miezi mingi baadaye dereva wa lori la mafuta alikosea namba ya nyumba, akaunganisha mpira kwenye bomba lile, akafungua. Mafuta yote yaliishia kwenye chumba cha chini ambamo mwenye nyumba alihifadhi mvinyo wake. Tuliitwa kusafisha. Yule bwana alikuwa ameketi kwenye ngazi na chupa moja iliyosalimika, anaisoma kibandiko. Toeni bomba kwanza. Tangi lisilo na bomba hakuna atakayelilisha.

Miaka ilipita hivyo, bustani moja baada ya nyingine. Yosua alikua, akajifunza Kizulu mtaani na Kiingereza shuleni. Kiswahili changu anakielewa, lakini ananijibu kwa Kiingereza, na mimi nimekubali. Nilidhani nitakapostaafu nitakuwa na hadithi nyingi za namna ya ile ya mvinyo. Ninazo. Lakini nikikaa sasa barazani kwangu, akili haiendi Westcliff. Inakwenda mtaa wa Berea, kwenye jengo moja la ghorofa sita, na hiyo ndiyo hasa niliyotaka kuwaandikia.

Jengo lilikuwa limenunuliwa na wamiliki wapya. Wapangaji walikuwa wakilalamika kwamba kwenye njia ya lifti, ambayo haikuwa ikifanya kazi, kunatoka harufu ya mafuta. Watu wa zimamoto walipita, wakaagiza tangi la zamani lishughulikiwe upesi. Wamiliki hatukuwaona. Waliwakilishwa na wakala, kijana mmoja mpole, mwenye viatu safi, ambaye alikuwa anatukumbuka majina. Nilishuka ngazi za chini na mita mkononi, Baba Ndlovu akinifuata, na mita ilianza kulia kabla sijafika ngazi ya mwisho.

Chumba cha boila kilikuwa na watu. Boila yenyewe iliuzwa zamani, na nafasi ile kubwa isiyo na dirisha ilikuwa imegawanywa kwa mbao na mapazia kuwa vyumba vya familia kadhaa, Warundi na Wakongo, na wote walikuwa wakilipa kodi kwa mtu fulani. Kwenye kona ya mwisho mwanamke alikuwa anashona. Cherehani yake, ya kukanyaga kwa miguu, ilisimama juu ya bamba la chuma sakafuni. Bamba lile lilikuwa kifuniko cha tangi. Aliniambia baadaye ndipo mahali pekee pale chini ambapo meza ya cherehani haikuyumba.

Pembeni yake jiko la mafuta ya taa lilikuwa linawaka, sufuria ya maharage juu yake. Nilimsalimu kwa Kiswahili, nikamwomba alizime.

"Ndiyo kwanza unaingia kwangu," alisema, "na unaanza kwa kuzima jiko?"

Lakini alilizima. Alikuwa anaitwa Mama Zuhura, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba niliona haya kwa changu. Mume wake, Hamisi, alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye maghala ya Midrand, nje ya mji, na mchana ule alikuwa amelala nyuma ya pazia. Binti yao, Zuhura, alikuwa nyumbani kwa sababu kichwa kilimuuma. Kichwa kilimuuma mara nyingi, mama yake alisema. Walikuwa wamempeleka kliniki, wakaambiwa labda ni macho, na alikuwa anasubiri miwani.

Nilimweleza kilichokuwa chini ya miguu yake. Hakupiga kelele. Alimwangalia mtoto, akaliangalia bamba, akaondoa mguu wake kwenye kikanyagio.

Zimamoto waliagiza jengo zima litoke watu kwa siku za kazi, kwa kuwa mvuke ulikuwa unapanda na njia ya lifti hadi ghorofa za juu. Wakala akaitisha mkutano kwenye ua. Alizungumza Kiingereza, na wa ghorofa za juu walimwelewa vya kutosha. Wa chini hawakumwelewa. Akanigeukia, akaniomba nifasiri. Baba Ndlovu alinivuta pembeni. Alisema kazi yetu ni tangi, na maneno ya mwenye nyumba yabaki kinywani mwa mwenye nyumba. Nilimjibu kwamba mita imelia, kuna watoto, na kama watu hawa hawataelewa hawatatoka. Alinitazama kidogo, akaniachia.

Basi nikafasiri. Wakala alisema kila mtu atoke na mahitaji ya siku chache, vyombo vikubwa viachwe, walinzi watavitunza, na kazi ikiisha kila mtu atarudi alipokuwa. Nilimuuliza kwa Kiingereza kama hata wa chini watarudi. Akasema ndiyo, kila mtu. Nikarudia kwa Kiswahili.

Mama Zuhura ndiye aliyeuliza swali.

"Hayo ya kurudi anayasema yeye, au unayasema wewe?"

"Anayasema yeye," nilisema.

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema tangi ni hatari."

"Hilo ninakuamini," akasema, akaenda kufunga nguo za mtoto.

Tulisaidiana na Hamisi kuinua cherehani kutoka kwenye bamba na kuiweka chini ya ngazi. Mama Zuhura aliifunika kwa kanga mbili na kuzifunga kwa kamba. Ilikuwa Juni, asubuhi maji ya bomba yalikuwa yanaganda.

Kuhusu kazi yenyewe, nitasema kwamba ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na hilo linanisumbua hadi leo. Tulipuliza hewa safi mpaka mita ikanyamaza. Tulinyonya mafuta yaliyobaki na maji machafu yaliyokaa chini yake. Niliingia mwenyewe na barakoa ya hewa, nikakwangua tope jeusi la miaka yote ile, ndoo baada ya ndoo, Baba Ndlovu akiwa mdomoni na kamba, akiniita. Ubavu mmoja wa tangi ulikuwa na matundu kama chujio. Mafuta yalikuwa yamepenya sakafu na udongo chini ya vile vyumba vya mbao. Kulitoa tangi kungeangusha nguzo, kwa hiyo tulikata mabomba yote, tukayaziba, tukalijaza saruji nyepesi mpaka ikafurika mdomoni. Nilipitisha mita kwenye kila ghorofa, mlango kwa mlango, na haikulia popote. Baba Ndlovu alikanyaga saruji mbichi pembeni kwa kidole cha kiatu, kama afanyavyo mtu anayejaribu mkate. Hakuwa mtu wa kusifu. Alisema tu kwamba hapa hatutaitwa tena.

Siku tuliyopakia vifaa, walinzi wapya walikuwa wanafunga minyororo kwenye lango. Nilidhani wanawalindia watu vyombo vyao. Nilimpigia Hamisi simu, nikamwambia kazi imeisha, wanaweza kuja kesho.

Walikuja, na lango halikufunguliwa. Vyombo vyao vilikuwa vimetolewa kwenye njia ya watembea kwa miguu, vimerundikwa ukutani, na meza ya cherehani ya Mama Zuhura ilikuwa imevunjika miguu miwili. Hamisi alinipigia, hakugomba, aliniuliza tu kama nimekosea siku. Nilipofika nilikuta watu wa ghorofa zote sita wameketi juu ya magodoro yao barabarani, wengine wamewasha moto ndani ya pipa la bati. Wengi walinijua kama mtu aliyewaambia watarudi. Wale walioelewa Kiingereza walikuwa wamemsikia wakala mwenyewe. Wa chini walinisikia mimi. Maneno yalikuwa ya wakala, lakini sauti iliyowafikia masikioni ilikuwa yangu.

Tulikwenda ofisini kwa wakala, mimi na Baba Ndlovu, na ovaroli zetu. Alitupokea vizuri kama kawaida. Alisema wamiliki wamebadili mipango, jengo litakarabatiwa, na yeye pia amesikitika. Nilisema mengi. Baba Ndlovu alisubiri mpaka tulipokuwa ndani ya gari, kwenye robot, yaani taa za barabarani, za pili au za tatu. Hapo aliniambia kwamba alipokuwa mtoto familia yao iliondolewa nyumbani kwao kwa lori, serikali ya ubaguzi wa rangi ya wakati ule ikisema ni kwa ajili ya afya yao. Alisema alipomwona wakala amesimama kwenye ua alimtambua, ingawa hawajawahi kuonana. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Alisema alikuwa ameniambia.

Jumuiya ya msikiti mmoja wa Mayfair iliwapa wanawake na watoto ukumbi wa kulala. Hamisi alilala kwenye kibanda cha walinzi Midrand. Wengine walitawanyika kwa jamaa. Kisha akatokea wakili, mwanamke kutoka ofisi inayowasaidia watu bure, akasema kuwatoa watu majumbani bila amri ya mahakama ni kosa, na kwamba anataka shahidi aliyesikia ahadi. Bosi wetu, mwenye kampuni, alijua kwamba nikienda, wamiliki wale hawatatupa kazi tena. Hakunikataza. Aliniambia tu nivae shati safi, na nisiitaje kampuni mpaka niulizwe.

Mahakamani niliulizwa na wakili wetu kuhusu ahadi, nikaeleza yote niliyoyasikia na niliyoyafasiri. Ilikwenda vizuri. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, na wakala alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha akasimama wakili wa wamiliki. Hakunifokea. Aliniuliza kuhusu kazi yangu, nimeifanya miaka mingapi, nikamwambia. Aliuliza kuhusu tangi, matundu yake, na mafuta yaliyoingia sakafuni. Nilimjibu kama ninavyowajibu ninyi. Akauliza kama udongo ule chini ya vyumba vya mbao ulisafishwa. Nilisema haukuweza kusafishwa bila kubomoa. Akauliza kuhusu madirisha. Nilisema hakuna. Milango? Mmoja.

"Una mtoto?" akaniuliza.

Nilisema ninaye.

"Ungemruhusu alale pale chini? Hata leo, baada ya kazi yako?"

Mama Zuhura alikuwa benchi la pili, binti yake amemlalia begani. Niliwaza mambo mengi kwa wakati mmoja, lakini jibu lilikuwa moja tu, na ndilo ambalo nimewafundisha ninyi wote kulisema bila kuogopa mtu. Nilisema hapana. Yule wakili akanishukuru, akaketi.

Hukumu ilipotoka, wapangaji wa ghorofa za juu walirudishwa. Watu walipiga vigelegele kwenye korido, na wanaume nisiowajua walinishika mkono kwa nguvu. Watu wa chini hawakurudishwa. Jaji alisema chumba cha boila si mahali pa binadamu kulala, kwa ushahidi wa fundi mwenyewe, na kwamba manispaa iwatafutie mahali pa muda.

Mama Zuhura alikuwa amebaki kwenye benchi. Aliona wengine wanashangilia, akadhani na yeye ana sehemu katika furaha ile. Aliniita, akaniuliza jaji amesema nini.

Hapakuwa na mtu mwingine wa kumfasiria. Nilikaa karibu naye nikamfasiria, sentensi kwa sentensi, pamoja na ile ya fundi mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Hamisi alikuwa amesimama, kofia yake ya ulinzi mkononi, ana zamu jioni ile.

"Umesema kweli, Papa Yosua," Mama Zuhura akaniambia.

Mahali pa muda palikuwa mbali sana kusini mwa mji, mabanda ya bati kwenye uwanja usio na mti, na walipofika waliulizwa karatasi za ukimbizi ambazo muda wake ulikuwa umepita wakisubiri mpya. Hawakukaa. Walipanga chumba uani kwa mtu huko Midrand, karibu na kazi ya Hamisi. Mtoto alibadilisha shule katikati ya mwaka. Wateja wa Mama Zuhura wote walikuwa mjini, na Midrand hakuna aliyekuwa na haja na mshona vitenge asiye na cherehani inayofanya kazi.

Muda kidogo baada ya hukumu yule wakili wetu alinipigia simu. Alikuwa anaandaa kesi nyingine na alitaka kuelewa mambo ya majengo yale. Katika mazungumzo nilimwambia kwamba nilipopitisha mita ghorofa za juu nilikuta vyumba vingi vitupu, bila hata godoro, hasa ya tano na ya sita, kwa sababu ya lifti. Akasema, kwa upole, kwamba angejua hilo angeiomba mahakama familia za chini zipewe vyumba vile, na pengine jaji angekubali, maana alikuwa anatafuta pa kuwaweka. Nilimwambia hakuna aliyeniuliza. Akasema ni kweli, hata yeye hakuniuliza. Niliuliza kama bado inawezekana. Akasema amejaribu, lakini wamiliki walishavipangisha.

Nimefikiri sana kuhusu simu ile. Katika kazi yetu tunafundishwa kujibu kilichoulizwa, kwa usahihi, na kunyamaza. Mita inafanya hivyo. Ninachowaomba ninyi ni mfanye zaidi ya mita. Mkiingia kwenye nyumba za watu mnaona mengi ambayo hakuna atakayewauliza. Yasemeni, hata kama mtaambiwa si kazi yenu. Baba Ndlovu angetoa maoni tofauti, na ningependa kumsikia, lakini mwaka uliofuata alirudi kwao, akafariki kabla sijatimiza ahadi ya kumtembelea. Nilikwenda kumzika. Niligundua pale kwamba hakuna hata mmoja wa wanawe aliyejua kazi yake ilikuwa nini hasa. Walidhani alikuwa fundi wa bomba.

Mama Zuhura sasa yuko Mayfair. Mwenye duka mmoja Msomali alimpa kona na cherehani ya umeme, anashona mabaibui na sare za madrasa. Tangu nistaafu nimekuwa nikipita pale nikitoka sokoni, mwanzoni na suruali ya kupunguza, siku hizi bila sababu. Tunazungumza habari za Hamisi na za Zuhura, ambaye sasa ni mrefu kuliko mama yake, anasoma vizuri bila miwani na ananisalimia kwa Kiingereza. Habari za jengo hatukuwahi kuzigusa.

Wiki iliyopita yeye ndiye aliyezigusa. Alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano.

"Papa Yosua," alisema, "wewe ulifika juu na ile mashine yako. Mimi nilikaa pale miaka, sikuwahi kupanda hata ghorofa ya kwanza. Kulikuwaje?"

Nilimwambia kulikuwa na korido ndefu, rangi ya kijani imebanduka. Vyumba vya upande wa nyuma vilipata jua tangu saa nne, na baridi haikukaa. Kutoka ya sita unaona mpaka milima ya taka za machimbo ya dhahabu.

"Watu walikuwa wengi?"

"Ya tano na ya sita, hapana. Vyumba vingi vilikuwa wazi."

Aliinua macho. "Wazi kabisa?"

"Wazi kabisa," nilisema.

Aliteremsha sindano kwenye kitambaa, akashona mshono mzima, mrefu, kutoka kwapani hadi pindo la chini, bila kusimama. Akakata uzi. Kisha akamwita kijana wa duka, akamwomba alete chai, na alipoulizwa vikombe vingapi alisema viwili.